Kabla Hujauliza Mshahara, Uliza Mji

Karibu kila likizo walimu wenzangu walioko Tanzania hunipigia simu na kuniuliza jambo moja: huko Uganda wanalipa kiasi gani? Ni swali la haki. Mtu ana wazazi wa kutunza, ana ada za watoto, ana mkopo wa chuo haujaisha. Lakini nimefundisha Kiswahili Kampala, sasa nafundisha Mbale, na kila anayeniuliza humrudishia swali: umepata shule ya mji gani? Mshahara unaweza kukaa chini na mkuu wa shule mkaujadili. Mji haujadiliwi. Utaamka ndani yake, utanunua nyanya sokoni kwake, na wanafunzi wako watarudi mitaani kila jioni wakisikia, au wasisikie kabisa, lugha uliyowafundisha asubuhi.

Nafasi zenyewe zipo, na inafaa mtu ajue zimetoka wapi. Mwaka 2020 Uganda ilianza mtaala mpya wa sekondari ya chini, na humo Kiswahili kikafanywa somo la lazima kidato cha kwanza na cha pili. Machi mwaka huo huo shule zikafungwa kwa sababu ya UVIKO, na hazikufunguliwa kwa wanafunzi wote hadi Januari 2022. Zilipofunguliwa, wakuu wengi wa shule walikuwa na vipindi vya Kiswahili kwenye ratiba na hawana mtu wa kuviingia. Julai mwaka huo baraza la mawaziri likapitisha kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari, jambo ambalo katiba ilikwisha kulifungulia mlango kwa marekebisho ya 2005. Hapo ndipo wengi wetu kutoka Tanzania na Kenya tulipoanza kuitwa.

Mimi ni Mhaya wa Bukoba. Nilivuka Mutukula kwa basi la asubuhi, pasipoti mkononi, maana Mkenya na Mnyarwanda huingia Uganda kwa kitambulisho cha taifa lakini sisi Watanzania bado. Njia ya kutoka mpakani hadi Masaka haikunipa ugeni wowote. Migomba ni ile ile, matoke ni yale yale, na msimu wa senene ukifika watu wa Masaka hukesha wakizitega kwa taa kali na mabati, furaha ile ile ninayoijua tangu utotoni. Ugeni ulinipokea Kampala.

Shule iliyonichukua ilikuwa upande wa Kansanga. Mwenyeji wangu, dada wa Kitanzania aliyeolewa huku, aliishi Kisaasi, nami nikapanga chumba na sebule jirani naye ili nisiwe mpweke. Kwa anayetazama ramani, hapo ni mahali pamoja tu. Kwa anayesafiri asubuhi ni teksi ya kwanza (ndivyo wanavyoita daladala hapa) kupitia Bukoto na Kamwokya hadi katikati ya mji, kisha mwendo wa miguu kwenye umati, kisha teksi ya pili barabara ya Ggaba. Ili niwahi kipindi cha kwanza nilitoka nyumbani giza bado nene. Jioni ilikuwa nzito zaidi, kwa sababu mvua ya Kampala hupenda kunyesha saa watu wanaporudi, na maji yakishajaa mabondeni magari husimama tu. Mji wenyewe umekaa juu ya vilima, na barabara zote kubwa hushuka kukutana kwenye mabonde hayo. Boda boda ingenifikisha upesi, lakini nauli yake ya kila siku ingemaliza mshahara, na mwendo wao kwenye miteremko sikuuzoea hadi naondoka.

Nalieleza hili kwa kirefu kwa sababu watu hulichukulia kama usumbufu mdogo wa mji mkubwa. Kwa mwalimu wa lugha ni jambo la msingi. Nilikuwa na mikondo minne ya kidato cha kwanza, kila mmoja una wanafunzi zaidi ya sitini. Insha hazisahihishwi kwa kuweka alama ya vema. Lazima usome sentensi, uone mtoto alipoteleza kwenye upatanisho, umwandikie neno la kumtia moyo. Kazi hiyo inataka akili iliyotulia na meza yenye taa. Nilikuwa nikifika nyumbani saa mbili usiku, nimechoka mwili na kichwa, na daftari nimezibeba begani kutoka ng'ambo ya mji. Wanafunzi wangu walikuwa wanapata nusu ya mwalimu waliyestahili, na nusu nyingine ilibaki barabarani.

Halafu kuna mtaa. Mtoto wa Kampala anaamka kwa Kiganda, anasoma kwa Kiingereza, anacheza kwa Kiganda, anaomba dua kwa lugha mojawapo ya hizo mbili. Kiswahili anakutana nacho kwenye kipindi changu, dakika arobaini, kisha kinatoweka hadi kipindi kijacho. Akikisikia mtaani, mara nyingi ni kutoka kwa mlinzi, askari, au mfanyabiashara wa Kikongo wa Katwe na Makindye anayeuza vitenge. Na nyuma ya hapo kuna kumbukumbu za wazee, ambazo mgeni hapaswi kuzipuuza. Tangu enzi za mkoloni Kiswahili kilikuwa lugha ya jeshi, na mwaka 1929 Kabaka Daudi Chwa alipinga hadharani mpango wa serikali ya kikoloni wa kukieneza. Idi Amin akakitangaza lugha ya taifa mwaka 1973, na kwa watu wengi wa Buganda sauti ya Kiswahili ikawa sauti ya kizuizi cha barabarani.

Siku moja ya wazazi babu wa mwanafunzi wangu alinijia, mzee mwenye kanzu na koti kama Waganda wanavyovaa, akanisalimu kwa adabu zote. Akaniambia kwamba Kiswahili alikisikia mara ya kwanza akiamriwa kulala chini. Kisha akasema mwaka 1979 alikisikia tena, safari hii kutoka kwa vijana wa Tanzania waliopita wakielekea Kampala, nao watu wakawaita wakombozi. "Sasa mjukuu wangu ananiletea Kiswahili cha tatu," akasema, "cha daftari." Nilimshukuru sana mzee yule. Kuanzia hapo niliacha kuanza mwaka kwa ngeli. Nilianza kwa salamu, nyimbo, methali na hadithi za sungura, ili Kiswahili cha tatu kiingie nyumbani kwa watu kwa upole.

Nisiidharau Kampala. Kwa mwalimu mwenye mwelekeo mwingine ni mji bora kuliko yote nchini. Makerere ipo tangu 1922, na mtu anayetaka kusoma shahada ya pili huku akifundisha hana haja ya kuhama. Julai 2023 Siku ya Kiswahili Duniani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki iliadhimishwa Kampala, tukakutana walimu kutoka nchi mbalimbali, na nilitoka pale nikijisikia kwamba kazi hii ina ukoo mkubwa. Jioni kuna wanafunzi watu wazima: wafanyabiashara wanaokwenda Kariakoo kuchukua mzigo, mawakili, watu wa mashirika. Hao hulipa vizuri na hujifunza upesi, kwa sababu wanajua wanachokitafuta. Dada yangu mmoja wa Mombasa anaishi kwa wanafunzi hao tu, ana chumba Ntinda, hapandi gari mbili kwa siku, na Kampala imemkubali kabisa. Angeniomba ushauri ningemwambia abaki.

Mimi shida yangu ilikuwa watoto wa darasani. Nilitaka kufundisha mahali ambapo mwanafunzi akitoka getini anakikuta Kiswahili kinamsubiri, na mahali ambapo kitanda changu hakiko mbali na ubao wangu. Nikaanza kutumia likizo kuzunguka.

Namna yangu ya kuupima mji ilikuwa rahisi. Nilifika, nikatafuta nyumba ya wageni ya bei ya kawaida, na asubuhi nikaenda sokoni kuuliza bei kwa Kiswahili bila kujitambulisha. Ukiuliza bei ya vitunguu na mama akakujibu kwa Kiswahili, akakushusha shilingi mia mbili huku akikusimulia habari za mvua, umejua jambo kuhusu mji huo ambalo hakuna mkuu wa shule atakayekueleza. Jioni nilikaa karibu na kijiwe cha boda boda nikasikiliza vijana wanapigana utani kwa lugha gani. Na usiku ulipoingia nilitembea, mwanamke peke yangu, nione kama moyo unatulia. Mwalimu mgeni atakuwa na jioni nyingi za peke yake. Asipoweza kwenda dukani kununua maziwa bila hofu, mshahara hautamfariji.

Nyumbani Bukoba wote walikuwa na jibu tayari: Mbarara. Mama alisema nitakuwa karibu, na ndugu yangu mmoja alisema nitakuwa kama sijaondoka. Walisema kweli. Kinyankole na Kihaya ni ndugu wa damu. Nilishuka kwenye basi, nikasalimia kwa Kihaya, nikajibiwa kwa Kinyankole, na hakuna aliyehitaji mkalimani. Maziwa ni mengi na mazuri, mji unakua haraka, kuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia tangu 1989, na watu wananiona ni wa kwao. Nilikaa huko likizo fupi nikagundua kwamba sijatamka sentensi nzima ya Kiswahili tangu nifike, na hakuna aliyetamka nami. Mtu aliyekuja kupumzika angeshukuru. Mimi niliona ningekuwa Mhaya miongoni mwa ndugu, na Kiswahili kingerudi kuwa cha dakika arobaini, safari hii kwa upande wa mwalimu pia. Mama hakupendezwa na uamuzi wangu, na hadi leo akinipigia simu hunitajia Mbarara.

Fort Portal ni mji mzuri wa kuishi kuliko yote niliyoiona Uganda, nalisema hilo bila kusita. Hewa ni baridi ya kupendeza, Rwenzori iko mlangoni, na watu wana heshima ya ajabu: Watooro hukupa empaako, yaani jina la heshima na upendo, na kukuita kwa hilo, nami nilipewa la Akiiki siku ile ile ya kwanza. Lakini nafasi za Kiswahili zilikuwa chache na mtaani sikukisikia. Arua ni kinyume chake. Watu wa West Nile, eneo ulipo mji huo, wanazungumza Kiswahili kwa wepesi, sokoni kinachanganyika na Kilingala na Kinubi, na ningekuwa na kazi tamu huko. Kilichonizuia ni umbali. Kampala hadi Arua ni karibu kilometa 500, na mama yangu ana umri ambao simu ikilia usiku lazima niweze kufika.

Jinja nusura nibaki. Ni kilometa 80 tu kutoka Kampala, barabara inapita msitu wa Mabira, na mji una mitaa mipana iliyonyooka na nyumba za zamani za Wahindi zenye mwaka wa ujenzi umeandikwa juu. Bwawa la Owen Falls lilifunguliwa mwaka 1954, viwanda vikaja, na vilileta wafanyakazi wa makabila mengi wakahitaji lugha ya kuelewana; Walukuba, yalikojengwa makazi ya wafanyakazi, nilisikia Kiswahili cha wazee kilichonyooka kweli. Kuna kambi za jeshi pia, kwa hiyo Kiswahili hakikosi. Kuna baiskeli za kubeba abiria, nauli ndogo, hakuna msongamano. Mtu aniulizaye mji wa kati, usio mbali na Kampala wala kuwa Kampala, humwambia Jinja bila wasiwasi. Nilikosa tu shule iliyokuwa tayari kuniajiri kwa mkataba wa mwaka mzima. Zote zilitaka nifundishe kwa vipindi, shule mbili au tatu kwa wiki, na hayo ya kukimbia kati ya shule nilikuwa nayakimbia.

Mbale nilifika kwa basi kupitia Iganga na Tirinyi, nchi tambarare ya mpunga kwenye mabonde, na ghafla mlima ukasimama mbele. Wanale ni ukuta wa mwamba uliojitokeza kutoka Mlima Elgon, na mji umekaa miguuni pake. Mvua ikinyesha maporomoko huonekana ukiwa sokoni. Nilifanya kipimo changu cha vitunguu. Mama wa kwanza alinijibu kwa Kiswahili, wa pili kwa Kiswahili, wa tatu aliniuliza kama ninatoka Bungoma. Sababu iko wazi ukitazama watu waliopo. Sokoni Mbale kuna Wagisu wa mlimani, Wateso wa Kumi na Soroti, Wagwere wa Budaka, Wasoga, Wakaramojong'a waliohamia mjini, na wafanyabiashara wanaovuka kila siku kutoka Kenya, kwa sababu Malaba na Busia haziko mbali. Wagisu wenyewe na Wabukusu wa ng'ambo ni jamaa. Hakuna kabila moja lenye nguvu ya kuilazimisha lugha yake kwa wote kama ilivyo Kampala, na pengo hilo Kiswahili kimelijaza kwa miaka mingi bila kuamriwa na mtaala.

Chuo Kikuu cha Kiislamu, kilichofunguliwa hapa mwaka 1988, nacho kimeleta wanafunzi kutoka Kenya, Tanzania, Komoro na kwingineko. Ijumaa mchana ukipita maeneo hayo utadhani uko pwani kwa muda.

Shule niliyopata iko mwendo wa miguu kutoka nyumba niliyopanga upande wa Namakwekwe. Hilo peke yake limenirudishia saa zangu. Naamka kukiwa kumekucha, nakunywa chai kwa utulivu, nafika kabla ya kengele. Jioni nasahihisha kwenye meza yangu kabla giza halijaingia. Tangu nihamie sijarudisha daftari bila kuzisoma.

Lakini faida kubwa iko darasani. Kampala nilikuwa nikiwaambia wanafunzi watunge mazungumzo ya sokoni, nao wananakili ya kitabuni. Hapa nawatuma sokoni kweli. Zoezi langu ninalolipenda ni hili: nenda ukamsikilize muuzaji na mnunuzi wakipatana bei, andika walivyosema neno kwa neno, kisha kando yake andika kwa Kiswahili sanifu. Wanarudi na hazina. Mmoja ameandika "kitabu yangu", mwingine "watu mingi", mwingine "hii viatu ni ngapi". Tunaandika ubaoni, tunajadiliana kwa nini mtaani imekuwa hivyo na sanifu inatakaje, na ngeli, ambazo Kampala zilikuwa orodha ya kukariri, zinageuka kuwa jambo lenye sababu. Mtoto wa mama muuza nyanya, ambaye kwenye hesabu hujificha nyuma, kwenye zoezi hilo ndiye kinara, kwa sababu ana soko zima kichwani.

Kuna hatari yake, nami naionya kwa kila mwalimu anayekuja mashariki. Mtoto anayezungumza Kiswahili cha mtaani huja darasani akiamini anakijua, na anapoona wekundu kwenye daftari hukata tamaa haraka kuliko yule wa Kampala aliyeanza na mikono mitupu. Nimeona walimu wanaocheka "kitabu yangu" mbele ya darasa zima. Inaniuma sana. Lugha ile mtoto ameipata kwa mama yake, ikamlisha. Ukiicheka umemcheka mama, na hatakupa tena hata sentensi moja. Mimi husema: hiki ni Kiswahili cha sokoni, tunakiheshimu, sasa nakufundisha na cha barua.

Kuhusu fedha niseme wazi, maana ndilo swali nililoulizwa. Julai 2022 serikali ya Uganda iliwapandishia walimu wa sayansi wenye shahada hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi katika shule zake, na walimu wa sanaa na lugha wakaachwa mbali sana chini. Kwa hiyo mwalimu wa Kiswahili asije na picha ya milioni 4. Na sisi wageni tuko zaidi shule za binafsi, ambako kila shule ina kiwango chake. Mbale nalipwa pungufu ya Kampala. Hata hivyo kodi ya chumba na sebule cha Kisaasi ingenilipia hapa nyumba ya vyumba viwili yenye uwanja, nauli ya kazini imefutika, na kabichi, karoti, viazi na vitunguu vinashuka kutoka Elgon vikiwa na umande. Mwisho wa mwezi kinachobaki ni kikubwa kuliko kilivyokuwa Kampala. Nilichopoteza ni wanafunzi wa jioni, na maduka ya vitabu. Vitabu vya fasihi navibeba mwenyewe kila nikitoka nyumbani. Na kuna wiki za mwanzo wa muhula, ambapo shule ndogo husubiri wazazi walipe ada ndipo ilipe walimu. Weka akiba ya mwezi mmoja au miwili kabla ya hapo, na usiwe na aibu kuuliza kwenye usaili mshahara hutoka tarehe gani na kibali cha kazi kinalipiwa na nani.

Yako mambo mengine ya mji ambayo mgeni huyajua kwa kuuliza majirani tu. Mwisho wa Julai 2022 mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika usiku, maji yakaingia mjini na watu wakafa. Kwa hiyo kabla sijalipa kodi nilimuuliza mama wa duka la pembeni maji yalifika wapi usiku ule, akanionyesha kwa mkono, na nyumba ya kwanza niliyokuwa nimeipenda nikaiacha. Muulize mwenye nyumba pia mita ya umeme ni ya kwako peke yako au mnachangia wapangaji wote. Ukishahamia, nenda kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa, ukajitambulishe, upate barua yake. Ofisi nyingi zitaitaka barua hiyo, na kubwa zaidi, mwenyekiti akikujua, mtaa mzima umekujua. Mwenyekiti wangu ananiita Madamu wa Kiswahili, na watoto wa mtaa wamelichukua jina hilo.

Shule nyingi zitakupa nyumba ndani ya uwanja wa shule, na kwa aliyetoka mbali inavutia: hakuna kodi, hakuna mlango wa kuhofia. Mimi nashauri uikatae kama mji ni salama. Mwalimu anayelala shuleni ndiye atakayesimamia masomo ya usiku, ndiye atakayeamshwa mtoto akiugua, na hatakuwa na jirani hata mmoja asiye mwalimu. Jirani yangu mmoja ni fundi cherehani, mwingine anauza kahawa ya Bugisu, na wote wawili wamenifundisha Uganda kuliko chumba cha walimu.

Mwaka unaogawika kwa mbili jiandae kwa Imbalu. Ni tohara ya vijana wa Kigisu, hufunguliwa rasmi Mutoto mwezi wa nane, na kwa wiki kadhaa ngoma za kadodi hupita barabarani na vijana waliopakwa unga wakicheza kutoka kwa mjomba hadi kwa shangazi. Mwaka 2024 nilialikwa na familia ya mwanafunzi wangu, nikala malewa, yale machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa na kupikwa kwa karanga. Mgeni asiyependa kelele achague likizo yake vizuri. Mimi nilikaa, na wanafunzi waliporudi waliniandikia insha ndefu kuliko zote walizowahi kuandika.

Sasa kuna shule ya Kampala imenitafuta, upande wa Bweyogerere. Mshahara wanaotaja ni mkubwa, na sijifanyi kwamba haukunifikirisha. Niliukalia mezani jioni nzima na kalamu. Niliwauliza walimu wao wanaishi wapi na wanafika kazini saa ngapi. Jibu lilinitosha. Mkataba wa hapa nimeutia saini kwa mwaka mwingine, na mkuu wa shule amekubali ombi langu kwamba zoezi la sokoni liingie kwenye azimio la kazi la kidato cha kwanza, likiwa na saa yake kwenye ratiba, ili na mwalimu mwenzangu Mteso, aliyeajiriwa muhula huu, apeleke mkondo wake sokoni.